Baker wa Watu wa Miti na somo la mwangati kwa mkulima wa Kilimanjaro

MKULIMA wa Kilimanjaro hahitaji kufundishwa faida ya mti. Kihamba chake ni ushahidi tosha. Juu kuna mringaringa na mfuruanje, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na mpakani masale. Wazee walipanga hivyo kabla hajafika bwana shamba wala bwana misitu.

Hata hivyo, lipo swali moja ambalo bado linawasumbua wengi kuanzia Siha hadi Rombo. Nani apande mti ambao yeye mwenyewe hatauvuna?

Mwaka 1922 swali hilo liliulizwa kwa uzito upande wa pili wa mpaka, katika eneo la Muguga karibu na Nairobi. Aliyelitafutia jibu ni ofisa misitu kijana wa Kiingereza, Richard St. Barbe Baker. Mmoja wa miti aliyoihangaikia ni ule ule unaoota wenyewe upande wa kaskazini na magharibi wa Mlima Kilimanjaro. Ni mwangati, ambao Wakenya huuita mtarakwa, na wataalamu huuita Juniperus procera.

Baker alifariki mwaka 1982 akiwa na umri wa miaka 92. Alikuwa ameshapanda miti, au kuwafanya wengine waipande, katika mabara kadhaa. Maisha yake yana somo kwa mkulima mwenye ekari moja na kwa mfanyabiashara mdogo wa mbao. Njia yake haikuanza na fedha nyingi wala na sheria kali.

Mtoto wa kitalu

Baker alizaliwa Oktoba 9, 1889 katika kijiji cha West End, jimbo la Hampshire, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa na kitalu cha miti. Mtoto huyo alianza kushika miche akiwa mdogo sana, na kazi ya kuotesha, kupalilia na kuhamisha miche aliijua kabla hajaijua vizuri kalamu. Msingi huo ndio uliomfanya baadaye azungumze na wakulima kama mkulima mwenzao.

Akiwa na umri wa miaka 20 hivi alikwenda Kanada, katika jimbo la Saskatchewan, ambako ardhi ilikuwa ikigawiwa kwa walowezi. Alichukua shamba, akajiunga na Chuo Kikuu cha Saskatchewan miongoni mwa wanafunzi wake wa mwanzo, na kwa muda alifanya kazi katika kambi ya wakata magogo.

Huko aliona mambo mawili ambayo hakuyasahau. La kwanza ni miti mingi kuangushwa na sehemu kubwa ya mbao kuachwa ioze. La pili ni walowezi kung'oa kila kichaka ili walime ngano, kisha upepo ukapeperusha udongo wa juu, ule wenye rutuba. Kijana huyo alielewa kwamba shamba lisilo na mti ni kama nyumba isiyo na ukuta upande wa upepo.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914 alikuwa ameshaondoka Kanada. Aliingia jeshini, na akajeruhiwa. Baada ya vita aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge kusomea misitu. Katika kipindi hicho alibuni biashara ya kutengeneza nyumba ndogo za kukokotwa na magari, akitumia mabaki ya ndege za vita. Mwaka 1920 alipata stashahada yake ya misitu, na mwaka huo huo akapelekwa Kenya kuwa msaidizi wa mhifadhi wa misitu.

Shauri la Mungu

Kenya aliyoikuta ilikuwa katika mgogoro mkubwa wa ardhi. Walowezi wa Kizungu walikuwa wamechukua maeneo mazuri ya nyanda za juu, na Wakikuyu walikuwa wamebanwa katika hifadhi zao. Magari moshi ya Reli ya Uganda yalikuwa yakila kuni kwa wingi. Wenye viwanda vya mbao waliufuata mtarakwa kwa ajili ya nguzo, vigae vya mbao na vijiti vya penseli vilivyouzwa Ulaya. Mkulima naye, kwa kukosa nafasi, alizidi kufyeka na kuchoma kilichobaki ili apate mahali pa kupanda mahindi na maharage.

Baker aliwaendea wazee akawaomba watu wao waanze kupanda miti. Wazee walimsikiliza kwa heshima, kisha wakamweleza kwamba kupanda miti ni shauri la Mungu. Tangu zamani mti ulijiotesha wenyewe kwa mbegu zilizoanguka, na binadamu hakuwa na kazi humo. Baker aliwaonyesha kwamba mambo yalikuwa yamebadilika. Kama miti mizazi yote imekatwa, mbegu itaanguka kutoka wapi?

Wazee waliiona hoja hiyo, lakini hoja peke yake haipandi mti. Hali ya siasa nayo ilikuwa mbaya. Machi 1922 Harry Thuku alikamatwa, na watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiwe wakapigwa risasi. Katika hali hiyo, amri yoyote kutoka kwa ofisa wa serikali kuhusu ardhi isingeaminiwa na mtu.

Hapo ndipo Baker alipofanya jambo ambalo maofisa wenzake hawakulifikiria. Alikuwa ameona kwamba kila kazi muhimu ya Wakikuyu ina ngoma yake: kupanda kuna ngoma, kuvuna kuna ngoma. Basi akapendekeza ipatikane ngoma ya miti. Chifu Josiah Njonjo alimuunga mkono. Chifu huyo ni baba wa Charles Njonjo, aliyekuja kuwa Mwanasheria Mkuu wa kwanza wa Kenya huru. Zawadi ziliahidiwa: dume la ng'ombe kwa kijana atakayejipamba vizuri kuliko wenzake, na shanga kwa msichana mrembo.

Julai 22, 1922 vijana wapatao 3,000 walifika Muguga. Baada ya ngoma waliombwa watu wa kujitolea, na 50 wakachaguliwa kuwa wa kwanza. Kila mmoja aliahidi mbele ya Mungu kuulinda msitu wa asili, kupanda miti 10 kila mwaka na kuitunza miti popote alipo. Walijiita Watu wa Miti, jina la Kiswahili ambalo Baker alilitafsiri na kulipeleka Uingereza mwaka 1924. Chama hicho bado kipo hadi leo, na kwa sasa kinaitwa International Tree Foundation.

Msomaji atazame hesabu ya ahadi ile. Miti 10 kwa mwaka haimfilisi mtu, haimalizi shamba na haihitaji mkopo. Lakini mtu akiitimiza kwa miaka 20 atakuwa na miti 200, na ile ya mwanzo itakuwa imeshapita paa la nyumba yake.

Jambo la pili ni mpangilio. Baker alihimiza miche ya asili ipandwe katikati ya mazao ya chakula, ili jembe linalopalilia mahindi lipalilie na mti. Mfumo wa namna hiyo ulikwishaanza kutumika katika misitu ya Kenya kiasi cha miaka 10 kabla hajafika. Umetumika pia kwa miaka mingi upande wetu, katika Shamba la Miti West Kilimanjaro wilayani Siha na Shamba la Miti Rongai wilayani Rombo. Huko mkulima hupewa kipande, hulima viazi, maharage au mahindi kati ya miche, na mche ukishatoa kivuli huondoka.

Mwangati ni mti gani

Kabla ya kuendelea na safari za Baker, ni vizuri kuutazama mti wenyewe, kwani wakulima wengi wanauchanganya na saipresi, ule unaoitwa mti wa krismasi.

Mwangati ni mti wa jamii ya koni usiopukutisha majani. Huwa na kijani mwaka mzima, kiangazi na masika. Ukiwa mchanga majani yake ni kama sindano na huchoma mkononi. Ukikomaa hugeuka kuwa kama magamba madogo yaliyolaliana kwenye kitawi. Gome lake ni jembamba na hubanduka kwa vipande virefu.

Katika jamii yake ya miti, ambayo imeenea Ulaya, Asia na Amerika, mwangati unatajwa kuwa ndio mrefu kuliko yote, kwani hufikia mita 40. Ni wa pekee pia kwa kuwa ndio unaovuka ikweta kwenda kusini. Huanzia Uarabuni, hupita Ethiopia na Kenya, hushuka Tanzania na Malawi hadi Zimbabwe.

Kwa Kilimanjaro hauoti kila mahali. Upande wa kusini, yaani juu ya Kibosho, Uru, Old Moshi na Marangu, mvua ni nyingi na msitu una kamfa na miti mingine ya majani mapana. Mwangati hupenda upande mkavu wa kaskazini na magharibi, kuanzia kiasi cha mita 1,800 kwenda juu. Hukubali udongo wa mawe ilimradi maji hayatuami, na hustahimili baridi kali.

Sifa yake kubwa ni mbao. Zina rangi nyekundu ya kahawia, zina harufu nzuri, hazipindi ovyo, na mchwa na kuvu haviziwezi kwa urahisi. Nguzo ya uzio ya mwangati hukaa ardhini miaka mingi bila dawa. Hutumika pia kwa milango, madirisha, vigae vya mbao, mizinga ya nyuki na masanduku ya nguo, kwa kuwa harufu yake hufukuza nondo. Machujo yake hutoa mafuta ya manukato.

Kasoro zake nazo zisifichwe. Mwangati hukua polepole, na gogo la kupasulia mbao huhitaji miaka 70 na zaidi. Gome lake jembamba halihimili moto. Miti iliyozeeka sana mara nyingi huoza kiini, hivyo anayenunua mti mkubwa uliosimama anaweza kukuta ndani ni tundu. Zaidi ya hayo, miche yake haipendi kivuli kizito. Ndiyo maana chini ya msitu mzito wa mwangati ni nadra kukuta watoto wake, wakati nje kwenye mwanga huota vizuri.

Kutoka Kenya hadi miti mikubwa ya Marekani

Baker hakukaa Kenya muda mrefu. Kuanzia mwaka 1925 hadi 1929 alifanya kazi kusini mwa Nigeria, kwenye misitu ya mikangazi, kisha akaachana na utumishi wa kikoloni. Kuanzia hapo alikuwa mtu wa kujitegemea, akiishi kwa kuandika vitabu na kutoa mihadhara. Mwaka 1929 alikwenda Palestina kuhimiza upandaji miti katika nchi iliyokuwa imebaki na vilima vitupu.

Miaka ya 1930 alijitosa katika kazi iliyompa jina zaidi nchini Marekani. Kwenye pwani ya California kuna mti wa koni unaoitwa Sequoia sempervirens. Neno la pili la jina hilo maana yake ni kijani daima. Huo ndio mti mrefu kuliko yote duniani. Ulio mrefu zaidi kati ya iliyopimwa unazidi mita 115, na baadhi yake imeishi zaidi ya miaka 2,000. Gome lake ni nene, la kufikia sentimita 30, na huuzuia moto usiingie ndani. Ukikatwa, kisiki chake huchipua, jambo ambalo ni nadra kwa miti ya koni.

Utajiri huo ndio ulioiponza. Mti mmoja ulitoa mbao za kujengea nyumba kadhaa, na makampuni yakaingia na misumeno. Miti ile mikongwe imebaki kiasi cha asilimia tano tu ya msitu wa awali. Wamarekani walikuwa wameshaanza juhudi za kuiokoa tangu mwaka 1918. Baker alikuja kuwaongezea nguvu, akikusanya fedha Uingereza na kurudi California mara kwa mara kuwaeleza watu kwamba mti wa miaka 2,000 ukishakatwa hakuna waziri wala tajiri anayeweza kuurudisha. Mwaka 1968 serikali ya Marekani ilianzisha hifadhi ya taifa kwa ajili ya miti hiyo.

Kuna jambo la kujifunza hapa. Mti ule umezoea ukungu wa baharini unaoingia kila kiangazi na kuulowesha. Mkulima wa Kilimanjaro anayetamani mti wa aina hiyo hana haja ya kuagiza mbegu California. Mlima wake una majitu yake. Mwaka 2016 watafiti walitangaza kwamba katika bonde moja la Kilimanjaro kuna mkukusu wenye urefu wa mita 81.5, uliopimwa kuwa mrefu kuliko miti yote ya asili iliyojulikana Afrika. Mkukusu si mti wa koni, lakini ni ushahidi wa nguvu ya udongo wa mlima huu. Kwa upande wa miti ya koni, lipo jitu la nyumbani, nalo ni mwangati.

Historia ya Kilimanjaro nayo inaonyesha kwamba wakulima wakishirikishwa huweza kutunza msitu. Msitu wa mlima ulifanywa hifadhi tangu enzi za Wajerumani. Mwaka 1941, ili wananchi wapate kuni na mbao bila kuingia ndani, ulitengwa ukanda wa nusu maili kati ya vijiji na hifadhi, ukawa chini ya mamlaka ya Wachaga wenyewe. Humo ilipandwa saipresi, misindano, mikaratusi na migrevilea. Ulikuwa ni wakati ambao wakulima hao hao walikuwa na KNCU, iliyoanzishwa mwaka 1933 kuuza kahawa yao. Waliojua kusimamia ushirika wa zao walijua pia kusimamia ukanda wa miti.

Baada ya uhuru usimamizi ulihamishwa mara kadhaa kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na ukanda ule ukachakaa. Uchunguzi wa angani wa mwaka 2001 ulionyesha kwamba maelfu ya miti ya asili, hasa kamfa, ilikuwa imekatwa kwa wizi katika msitu wa mlima. Mwaka 2005 msitu wa hifadhi uliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Tangu hapo, anayetaka mbao halali anatakiwa kuzitafuta katika mashamba ya miti au katika shamba lake mwenyewe.

Namna ya kupanda

Mkulima aliyeamua kuufuata mfano wa Watu wa Miti anaweza kuanza hivi.

Kwanza, ajue mahali alipo. Kwa wakazi wa nyanda za juu za Siha, Rombo na maeneo yanayofanana na hayo, mwangati unafaa. Kwa ukanda wa kahawa wenye mvua nyingi, mgrevilea na mringaringa vitamlipa vizuri zaidi. Kwa tambarare za chini kuelekea Moshi mjini na Kahe, mwangati si mti wa kuhangaika nao.

Pili, mbegu. Miti ya mwangati kwa kawaida huwa dume au jike, na mbegu hutoka kwa jike. Matunda yake ni madogo kama punje ya pilipili manga, na yakiiva huwa na rangi ya buluu iliyokolea karibu na weusi. Yachumwe mtini, yapondwe polepole, yaoshwe hadi nyama itoke, kisha mbegu zianikwe kivulini. Zioteshwe zikiwa bado mpya. Asiye na mti mzazi aulize ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, iliyo karibu naye. Kukusanya mbegu ndani ya hifadhi bila kibali ni kosa.

Tatu, kitalu. Mbegu zisiaswe katika tuta la udongo laini wenye mchanga, zifunikwe kidogo na kuwekewa kichanja cha kivuli chepesi. Uotaji wake ni wa taratibu na haufanani, hivyo mkulima asikate tamaa baada ya wiki mbili. Miche ikifikia kidole kimoja ihamishiwe kwenye viriba. Mwangati hukaa kitaluni mwaka mmoja hadi miwili, wakati saipresi huwa tayari baada ya miezi sita hadi tisa. Kabla ya kupanda, kivuli kiondolewe na maji yapunguzwe ili miche ikomae.

Nne, kupanda. Mashimo yachimbwe mapema, na miche ipandwe masika yanapotulia, ardhi ikiwa imelowa vizuri. Kwa shamba la miti mitupu, nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5 huchukua miche kama 640 kwa ekari, na nafasi ya mita 3 kwa 3 huchukua kama 450. Kiriba kitolewe chote. Miche mingi hufa kwa sababu mizizi imezungukia ndani ya nailoni iliyozikwa pamoja nayo.

Tano, matunzo. Miaka mitatu ya mwanzo ndiyo ya hatari. Majani yapaliliwe, na mbuzi na ng'ombe wazuiwe, kwani kilele kikiliwa mti huwa na mashina mawili na thamani yake hushuka. Kandokando ya shamba iachwe njia safi ya kuzuia moto. Oktoba 2020 na tena Oktoba 2022 moto uliunguza maeneo makubwa ya uoto wa juu wa Kilimanjaro, na hiyo ni ishara kwamba kiangazi cha mlima si cha kuchezea.

Sita, wadudu. Vidukari wa saipresi waliingia Tanzania mwaka 1988 na kukausha miti mingi katika Afrika Mashariki. Hushambulia pia mwangati. Matawi yakianza kuwa ya kahawia kutoka ndani kwenda nje, na kukiwa na utomvu mweusi unaonata, ofisa misitu aitwe mapema. Shamba lenye mti wa aina moja tu huangamia kwa pamoja, hivyo kuchanganya ni kinga.

Biashara ikoje

Mfanyabiashara atauliza, na ana haki ya kuuliza, atakula nini huku akisubiri miaka 70. Jibu ni kutotegemea mti mmoja.

Saipresi na mgrevilea ni miti ya fedha ya kati. Miti inayopunguzwa ikiwa na miaka minane hadi kumi hutoa nguzo, fito na kuni, na saipresi ya mbao huvunwa ikiwa na miaka 25 hadi 30. Hayo ni mazao ya mkulima mwenyewe na ada za watoto wake. Mahindi na maharage kati ya mistari hulipia palizi kwa miaka mitatu ya mwanzo. Baada ya hapo kivuli cha saipresi hakiruhusu tena mazao, na mkulima asijidanganye.

Mwangati uwe wa mpakani. Ekari moja ya mraba ina mzunguko wa mita 254 hivi. Ukiacha mita 3 kati ya mti na mti, unapata nafasi ya miti 84. Kwa ahadi ile ya Muguga ya miti 10 kwa mwaka, mpaka mzima unajaa kwa muda usiozidi miaka tisa. Shamba linapata kizuizi cha upepo, mpaka usio na ugomvi, na nguzo zinazoweza kutolewa moja moja kila inapopunguzwa miti. Inayobaki ni urithi ambao hauhitaji benki.

Wakati wa kuvuna, sheria ifuatwe. Hata mti wa shambani huhitaji kibali cha ofisa misitu wa wilaya, na mbao haziwezi kusafirishwa bila hati. Mwenye kihamba ahifadhi kumbukumbu ya mwaka aliopanda na idadi ya miche, kwa sababu siku ya kuuza itamsaidia kuthibitisha kwamba mwangati wake haukutoka hifadhini. Mjini Moshi kuna Chuo cha Viwanda vya Misitu, na waliosoma hapo wanajua kupima na kupanga mbao kwa madaraja. Anayeuza mti uliosimama bila kuupima humpa mnunuzi faida yake.

Miaka ya mwisho

Baker alizeeka bila kupumzika. Katika miaka ya 1952 na 1953 alisafiri maelfu ya kilomita kuzunguka Sahara, akitafuta namna ya kuuzuia mchanga kwa kuta za miti. Baadaye alihamia New Zealand. Mwaka 1963, akiwa na zaidi ya miaka 70, alipanda farasi akaizunguka nchi hiyo akizungumza na watoto wa shule.

Fundisho lake lilikuwa jepesi kueleweka. Alifananisha ardhi na mwili. Mtu akipoteza theluthi ya ngozi yake hufa, na nchi nayo inahitaji angalau theluthi yake iwe na miti, la sivyo maji hukauka na udongo huondoka. Mkulima anayeona mfereji wa babu yake umekauka hahitaji kitabu kulielewa hilo.

Mwaka 1977, katika nchi ile ile alikoanzia, Profesa Wangari Maathai alianzisha Harakati ya Ukanda wa Kijani, na wanawake wa vijijini wakapanda mamilioni ya miti. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Mambo aliyoyategemea ni yale yaliyoonekana Muguga: kitalu karibu na nyumba, miche michache kwa kila mtu, na heshima kwa anayepanda.

Juni 5, 1982, Siku ya Mazingira Duniani, Baker alipanda mti wake wa mwisho huko Saskatchewan, alikokuwa mwanafunzi zamani. Alifariki siku nne baadaye, Juni 9, na akazikwa huko huko Saskatoon. Hakuuona hata mwaka mmoja wa mti ule.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Kwa mwangati methali hiyo huongezeka kidogo, kwani anayechumia juani ni baba, na watakaolia kivulini ni wajukuu. Masika yajayo, mwenye kihamba aanze na miche 10.